Milango ya Nyumba ya Chini

Vijana wangu, siku ile mlipokuja hapa kwangu Mandewa mkaniambia mnataka kutengeneza filamu ya kutisha, mliniuliza jini wenu avae nini. Niliwajibu ovyo kwa sababu chai ilikuwa inapoa na mjukuu wangu alikuwa ananivuta shati. Leo nimekaa, nimetulia, nataka kuwajibu vizuri. Mavazi ya jini siyajui. Ninachojua ni kwamba jini wenu hatamtisha mtu kama hamjaamua amesimama wapi. Hilo sikulisoma shuleni. Nililipata nikiwa nyuma ya Land Rover ya serikali, kipaza sauti mkononi, vumbi la Singida nzima likiwa kichwani mwangu.

Nilikuwa msimulizi wa gari la sinema. Nchi ilikuwa changa, redio zilikuwa za kuhesabu, na vijiji vingi vilikuwa havijawahi kuona picha inayotembea. Idara ya habari ilituma gari likiwa na mashine, jenereta, kitambaa kikubwa cheupe na makopo ya filamu. Tulianza na picha fupi ya kuchimba choo au kupanda mtama kwa mstari, halafu tukaonyesha filamu ndefu ili watu wasiondoke. Hizo ndefu zilikuwa zawadi za nchi rafiki, zikizungumza lugha ambazo hata ofisini hakuna aliyezijua. Kwa hiyo ilibidi awepo mtu wa kuwaeleza wananchi nini kinaendelea. Huyo ndiye mimi. Nilisema Kiswahili, nikachanganya Kinyaturu cha mama yangu pale nilipoona wazee wamekunja uso, na nilipofika Iramba nikajaribu Kinyiramba. Kinyiramba changu kilikuwa kibovu sana. Wale watu waliniheshimu kwa kunicheka mpaka wakashika mbavu. Mkoa mzima waliniita Bwana Mdomo.

Dereva na fundi wa mashine alikuwa Mzee Shabani. Alizaliwa hapa mjini, mama yake Mnyaturu, baba yake mfanyabiashara aliyetoka pwani. Kiswahili chake kilikuwa laini kama kimepakwa samli, na changu alikiita Kiswahili cha jembe. Alikuwa mtu wa kahawa chungu na tangawizi, hapendi maneno mengi. Ajabu ni kwamba yeye asiyependa maneno ndiye aliyenifundisha kusema.

Siku zangu za kwanza nilikuwa nafuata midomo. Mtu kwenye picha akifungua kinywa, na mimi nafungua changu. Akikunja sura, nasema amekasirika. Siku moja kwenye filamu wanaume wawili walikuwa wakigombana chumbani, nami kwa kutojua cha kusema nikasema, "Anamwambia, nirudishie ng'ombe wangu!" Mzee mmoja aliyekaa mbele akainuka. "Ng'ombe gani? Tangu tumekaa hapa hatujaona hata kwato. Hilo zizi liko wapi?" Watu wakaangua kicheko. Picha ikaendelea peke yake, mimi nimekaa kimya kama gunia.

Tulipokuwa tunakunja kitambaa Mzee Shabani akaniambia, "Wewe unatazama midomo. Midomo ya wazungu inakusaidia nini? Tazama mahali. Chumba kile kilikuwa na nini?"

"Kitanda," nikasema.

"Na nini tena?"

"Dirisha."

"Limefunguliwa au limefungwa?"

Sikukumbuka.

"Limezibwa kwa mbao. Nje kuna jua, wao wamejifungia gizani mchana. Hawa wanaogopa mtu wa nje. Hawagombanii ng'ombe, wanagombana nani akafungue. Mahali pamekwambia yote, wewe unasikiliza midomo."

Tangu hapo akanitengenezea utaratibu, nami nawapa bure. Filamu mpya ikija tuliiangalia mchana, ndani ya stoo ya idara, tumeziba dirisha kwa blanketi, na sauti tumeizima kabisa. Mara ya kwanza nilikatazwa kutazama nyuso. Natazama sakafu, kuta, miti, anga. Mwanga unatoka upande gani. Mtu anapanda au anashuka. Chumba kinaongezeka au kinapungua. Mara ya pili ndipo natazama watu, na wakati huo nusu ya hadithi ninayo tayari. Jaribuni hata na simu zenu hizo. Zimeni sauti, halafu niambieni kama filamu nyingi mnazozipenda hazijabaki mtu anarusha mikono tu mbele ya ukuta.

Filamu iliyonifundisha kuliko zote ilikuja ikiwa na maandishi ya ajabu juu ya kopo. Hatukujua jina lake, tukaiita Nyumba ya Chini. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, na nyeusi ndiyo iliyozidi. Msichana anaishi na kaka yake kwenye nyumba ya mawe juu ya kilima. Asubuhi moja kaka hayupo, na hakuna anayemkumbuka. Hata jirani anasema hajawahi kuwepo. Msichana anagundua ngazi nyuma ya jiko, anashuka, na kule chini anakuta nyumba nyingine, kubwa kuliko ya juu, ambako wanawekwa watu waliosahauliwa. Mwenye nyumba ile hana uso. Mahali pa uso pana kitu laini kama unga uliokandwa. Watoto walikuwa wanajificha kwenye khanga za mama zao kila akipita.

Nilidhani asiye na uso ndiye kitisho chenyewe. Rungwa ndiko walikonisahihisha.

Rungwa ni kule magharibi, pembeni ya pori la wanyama, na watu wengi ni warina asali. Katika filamu, kabla ya kufika kwenye nyumba ile, msichana anapita msitu wenye maua meupe kila mahali. Mimi kwa furaha nikasema kwenye kipaza sauti, "Tazameni, amefika mahali pazuri, maua yamechanua!" Mrina asali mmoja, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, akasema bila hata kusimama, "Huyo mtoto arudi haraka. Maua yote hayo na nyuki hakuna hata mmoja? Huo msitu umekufa, umesimama tu."

Kila mtu akaanza kutafuta nyuki kwenye kitambaa. Hakuna nyuki, hakuna ndege, majani hayatikisiki. Nilikuwa nimeitazama filamu ile mara nyingi na sikuona. Aliyeitengeneza alijua anachofanya. Alitaka uzuri ule uwe ndio onyo. Kuanzia siku hiyo, tukifika kwenye msitu, nilikuwa nasema, "Sikilizeni," halafu Mzee Shabani anapunguza sauti ya mashine, na watu wenyewe wanaanza kuona baridi mgongoni.

Kiomboi tulipata somo la upepo. Singida ina upepo, mnaujua, na kitambaa kikubwa kilichofungwa kwenye nguzo kinataka kuondoka nao. Usiku ule nyumba ya mawe ilikuwa inajaa tumbo na kunywea, kilima kinacheza, na asiye na uso akapata mashavu. Watu walicheka mpaka filamu ikawa ya vichekesho. Mzee Shabani hakukasirika. Kesho yake alichukua wembe, akatoboa matundu madogo yenye umbo la mwezi mchanga kwenye kitambaa, upepo ukapata pa kupita. Akaniambia, "Mahali pakitikisika bila sababu, watu hawaamini tena." Kumbukeni hilo mkijenga pango la karatasi la huyo jini wenu.

Sasa niwaambie la kijiji kipya, maana hapo ndipo nilipojua kazi yetu si ya kupitisha muda.

Ilikuwa wakati wa kuhamia kwenye vijiji vya ujamaa. Upande wa Ikungi watu walikuwa wametolewa kwenye makazi yao ya zamani, yaliyotawanyika kila ukoo na tembe lake, wakaletwa pamoja ili wapate shule, zahanati na bomba. Tulifika mchana. Nyumba zilikuwa zimepangwa kwa mistari, zote saizi moja, zote kuta za udongo mbichi na nyasi mpya juu. Milango haikuwepo. Watu walikuwa wameziba uwazi kwa mabua ya mtama yaliyofungwa kwa kamba.

Katibu wa kijiji alikuwa kijana, mwembamba, ameletwa kutoka wilaya nyingine. Alitupokea vizuri, akatupa uji na karanga, lakini alikuwa hana raha. Nilimwuliza kuna nini.

"Kuna mama mmoja," akasema. "Mama Njiku. Mjane. Kila siku anarudi kwenye tembe lake la zamani. Siku nyingine analala huko, peke yake, na fisi wote wale. Watu wengine wameanza kumfuata. Wakubwa wanakuja kukagua. Wakimkuta kule, tembe litabomolewa mbele ya macho yake, na mimi ndiye nitakayeambiwa nishike nyundo."

"Umezungumza naye?"

"Nimezungumza mpaka nimechoka. Ananiambia, mwanangu, wewe hunikatazi chochote, miguu yangu ndiyo inayokwenda."

Jioni alipofika uwanjani nilimfahamu kabla sijaambiwa. Mama mnene kidogo, shingo imenyooka, kaniki begani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Wewe ndiye unayesema wazungu wanachosema? Leo usituongopee." Mzee Shabani akacheka mpaka kahawa ikampalia.

Tukaanza. Picha ya choo ikapita. Nyumba ya Chini ikaanza. Msitu ukapita. Msichana akashuka ngazi. Nikakumbuka kinachofuata.

Kule chini, vijana wangu, kuna ukumbi mrefu usioisha. Kushoto milango, kulia milango, yote sawa, yote imenyooka kwenye mstari, saizi moja, rangi moja. Kaka yake yuko nyuma ya mmoja wa milango hiyo, na msichana hajui ni upi. Anafungua huu, mtu mgeni. Anafungua ule, mtu mgeni. Kila mgeni anamtazama kama vile yeye ndiye aliyepotea. Nilikuwa nimeusimulia ukumbi ule kila mahali bila wasiwasi. Sikuwahi kuusimulia mbele ya watu wanaoishi ndani ya mistari.

Kwanza watu wakacheka. Sauti ya mwanamume mmoja ikasema, "Huyo kaingia kwa jirani, kama wewe juzi!" Kicheko kikaongezeka. Halafu kikaanza kupungua, kikakatika. Nikasikia mtu ananivuta mkono. Ni katibu. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hii filamu inasema nini kuhusu kijiji changu?"

"Haisemi kijiji chako, ndugu. Imetengenezwa mbali."

"Waambie ni hospitali. Waambie ni mahali pazuri, pasafi."

Nikainua kipaza sauti. Kwa kweli nilikuwa tayari kusema. Kazi yangu ilikuwa ya serikali, na katibu angeweza kutuandikia vibaya, tukabaki mjini tunapanga makopo. Mzee Shabani hakugeuka kutoka kwenye mashine yake. Akasema kwa utaratibu, "Rungwa ulisema maua ni mazuri. Unataka tena?"

Nikashusha kipaza sauti. Sikusema ni hospitali, sikusema ni gereza. Mashine ikawa inanguruma, msichana anatembea, milango inapita.

Ndipo Mama Njiku akasimama. Hakupiga kelele. Alizungumza na yule msichana kama anazungumza na mtoto wa nyumba ya pili.

"Acha macho, mama. Macho yatakudanganya hapo, vyote viko sawa. Tumia mkono."

Naapa nilisisimka mwili, kwa sababu ndicho kilichofuata. Msichana anasimama, anafumba macho, anaanza kupapasa milango kwa kiganja, mmoja baada ya mwingine. Anafika kwenye mmoja, vidole vinasimama. Kuna pengo dogo kwenye ubao, kama kwenye mlango wa nyumbani kwao juu, pale kaka yake alipokuwa anachonga kwa kisu utotoni. Anaufungua. Kaka yumo. Kuta za ukumbi zinaanza kupasuka, mwanga unaingia, na yule asiye na uso anabaki amesimama kwenye uwanja mtupu, hana tena nyumba, hana cha kumtisha mtu.

Watu walishangilia, wanawake wakapiga vigelegele. Lakini Mama Njiku alikuwa bado amesimama, na safari hii alikuwa anamtazama katibu.

"Mwanangu," akasema mbele ya watu wote, "mimi sikatai kijiji. Bomba nalipenda, mgongo wangu umechoka na ndoo. Lakini mume wangu alichonga mlango wetu kwa shoka, gogo moja, miezi. Niliolewa ukiwa mpya. Ninakwenda kule kukaa nao kwa sababu hapa sina cha kushika. Nikirudi kutoka shambani nyumba zote zinanitazama hivyo hivyo."

Katibu akatuambia tukimaliza tufike kwake.

Tulikunja kitambaa. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kujitetea. Tukamkuta amekaa nje ya nyumba yake, nayo ina mlango wa mabua kama zingine, kibatari kiko chini.

"Ndugu katibu," nikaanza, "ile filamu sisi hatukui..."

"Keti," akasema. Tukaketi. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Mtu aliyesema kuhusu kuingia kwa jirani, unajua alikuwa anamsema nani? Ni mimi. Juzi nilitoka mkutanoni, nikaingia nyumba ya watu, nikavua viatu, nikakaa kitandani. Mwenye nyumba akaniuliza kama nataka ugali."

Mzee Shabani akasema, "Ulikula?"

"Nilikula. Ningefanyaje?"

Tukacheka wote watatu, na woga wangu ukatoka pale pale. Halafu katibu akasema kwa sauti ya mtu anayejipimia maneno yake mwenyewe, "Agizo lilisema nyumba za zamani ziachwe. Milango haikutajwa." Akamgeukia Mzee Shabani. "Gari lenu lina nafasi?"

"Nikishusha jenereta, lina nafasi."

Asubuhi tulishusha jenereta, kitambaa na makopo yote, tukaviweka kwa katibu. Mama Njiku akapanda mbele, kati yangu na Mzee Shabani, akawa anamwelekeza njia kwa kidevu. Nyuma wamepanda vijana wa kijiji wenye mashoka na kamba. Tembe lake lilikuwa limekaa chini kama kuku aliyeatamia, paa la udongo limeota majani. Mlango ulikuwa mzito, mweusi kwa moshi na kwa mikono. Alitangulia, akaupapasa kwa kiganja sehemu moja ya chini, akasema, "Haya, toeni polepole."

Baada ya huo, kila mtu akawa na mlango wa kufuata. Tulizunguka kwenye makazi ya zamani siku nzima na kesho yake. Land Rover ya sinema ilirudi imebeba milango, mawe ya kusagia, nguzo ya zizi ambayo mzee mmoja alikataa kuiacha, na mzinga mmoja wa nyuki, mtupu. Mtu akaleta kizingiti tu, mlango ulishaliwa na mchwa, akasema kinatosha. Kituo chetu kilichofuata kilitungoja, na tulipofika tulisema gari lilipata matatizo ya mlango. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Sikuona wakubwa walipokuja kukagua. Niliambiwa walimkuta Mama Njiku kijijini, wakashangaa kijiji chenye milango ya kila aina, wakauliza ni mradi gani. Katibu akawajibu ni wa kuzuia fisi. Wakaandika. Tembe la Mama Njiku liliachwa, likaanguka lenyewe kwa mvua, bila mtu kushika nyundo.

Mnaona sasa kwa nini nimekataa kuzungumza habari za mavazi. Asiye na uso sikusikia mtu akimtaja tena kijijini pale. Walichozungumza ni ukumbi. Mkitaka giza la filamu yenu liwaingie watu, msilinunue dukani. Ulizeni watu wenu wanapotea wapi, na wakiwa wamepotea mikono yao inatafuta nini. Hapo ndipo mjenge.

Lakini nimalizie ile siku ya kwanza, tulipofika na mlango wa Mama Njiku. Uligoma kuingia. Ulikuwa mpana kuliko uwazi wa nyumba mpya. Kijana mmoja akasema upunguzwe kwa shoka, Mama Njiku akamtazama, kijana akaweka shoka chini. Katibu akavua shati, akachukua jembe, akaanza kubomoa ukuta yeye mwenyewe, pembeni, kidogo kidogo, sisi tunakanda udongo. Ulipoingia na kukaa sawa, Mama Njiku alipita ndani peke yake, akaufunga. Tukasubiri nje, tumechafuka mpaka nyusi. Nikadhani analia.

Kisha sauti yake ikatoka ndani, kavu kabisa:

"Sasa mbona hampigi hodi?"

Katibu ndiye aliyetangulia. "Hodi, mama!" Na sisi wote tukaitikia nyuma yake, "Hodi! Hodi!"

Akatuacha tungoje kidogo, kama anavyofanya mwenye nyumba.

"Karibuni," akasema.